Kioo cha Kulia

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, saa kumi na mbili kasorobo jioni, mimi, Karani Mkuu Mstaafu wa Masjala, mtumishi wa miaka thelathini na mmoja ambaye hakuwahi kupoteza jalada hata moja, nilitoka nyumbani kwenda kuchukua kompyuta yangu kwa fundi. Naanza na tarehe kwa sababu habari isiyo na tarehe ni uvumi, na uvumi juu ya jambo hili umekwisha kuwa mwingi.

Fundi ni mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Bisibisi, kwani huichomeka bisibisi nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake. Nilimkuta akiifuta mashine yangu vumbi, kigiza kimeshaingia dukani.

"Mzee, hii ilipaswa kustaafu kabla yako."

"Imestaafu kwa heshima, Fundi. Inaumwa macho tu."

Kwa miezi miwili maandishi yalikuwa yakitetemeka kwenye kioo, na mistari ya rangi ikipita juu yake kama mvua. Bisibisi alikuwa ameshanieleza chanzo. Mashine za umri ule hazikuwa na kadi ya picha ya peke yake; picha zote zilichorwa na kipande kidogo kilichoungwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, nacho kilikuwa kimechoka. Dawa ilikuwa kuipachikia kadi ya picha, yenye tundu lake la waya.

"Sasa nisikilize," alisema. "Waya wa kioo unachomeka huku chini, kwenye kadi. Hili tundu la juu, la buluu, la zamani, nimelibandikia utepe. Usilitie kitu."

"Likitiwa?"

"Halina kazi tena, limekufa." Akacheka. "Ya nini kusumbua maiti, mzee wangu?"

Nililibeba kasha hadi nyumbani nimelikumbatia. Njiani lilinukia kafuri. Nilidhani ni dawa aliyosafishia.

Hapana budi nieleze mashine ile ilitoka wapi. Ilifika masjala mwaka 2005, ikawekwa juu ya meza ya Mkuu wetu, aliyekaa upande wangu wa kulia. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: kazi niliyoimaliza niliisukuma kulia, kwenye trei yake. Yeye aliikagua, akajaza palipopungua, akapiga muhuri, kisha akaisukuma kushoto, ikanirudia. Muhuri wake ulisikika mara mbili: kwanza kwenye kidau cha wino, kisha kwenye karatasi.

Tup... tup.

Katika droo za meza yake alitia kafuri, kufukuza wadudu. Na hakuvumilia safu tupu. "Isiyohusika, itie kistari," alitufundisha. "Safu tupu ni mlango wazi." Tarehe iliyokosekana aliijaza mwenyewe, wala hatukuwahi kumuuliza ameitoa wapi. Mwaka 1994 jalada la tarishi wetu lilirudi kutoka kwenye trei ile likiwa na tarehe ya mwisho wa utumishi: Ijumaa, 18.11.1994. Tarishi alikuwa kijana mzima wa afya. Tulicheka, tukasema mzee kachoka. Ijumaa ile tarishi aliinama kufunga kamba za kiatu, asiinuke.

Hatukucheka tena.

Mkuu mwenyewe alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2006, ameketi mezani, muhuri mkononi. Nilirithi kiti, kazi na mashine. Nilipostaafu, tarehe 30 Juni 2011, wenzangu walinizawadia mashine ile.

Nyumbani naishi na dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita, tangu alipofiwa na mumewe. Mwaka ule kifua kilikuwa kikimsumbua toka Januari. Hata hivyo ndiye aliyekuwa ghala la ukoo wetu: alikumbuka nani kazaliwa na nani, wapi, mvua ikinyesha au haikunyesha. Yeye akisema, mimi nikichapa. Tulikuwa tukiandaa Daftari la Ukoo, tuligawe katika mkutano wa familia wa Jumamosi, tarehe 16 Machi. Lilikuwa na safu sita: jina, baba, mama, mahali, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa.

Kwa walio hai, safu ya sita niliiacha tupu.

Ndilo kosa langu. Karani wa shule yetu hakustahili kulifanya, lakini mkono ulikuwa mzito kumtilia ndugu yangu kistari mahali pale.

Ijumaa, tarehe 8 Machi, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilimaliza mstari wa mwisho. Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Nikataka kutazama barua iliyokuwa nyuma yake, na kwa mazoea ya miaka yote niliyokaa kando ya Mkuu, daftari nililolimaliza nikalisukuma kwa kipanya upande wa kulia.

Lilikwenda. Likafika ukingoni mwa kioo. Halikusimama.

Likapita.

Nilitafuta juu na chini. Hata mshale wa kipanya, nikiusukuma kulia, ulitoka nje ya kioo ukapotea, kana kwamba pale penye ukuta mtupu palikuwa na kioo kingine. Nilikaa nimeshika shavu. Taa ya barabarani ilikuwa haijawaka. Harufu ya kafuri ikaja tena, safari hii imechanganyika na wino.

Tup... tup.

Mlio ulitoka kulia, ukutani. Kisha daftari likaanza kurudi. Polepole. Kwanza ukingo wake, kisha safu moja, kisha ya pili...

"Umemaliza?" Dada alikuwa mlangoni, amejifunga shuka. "Hebu nione kama umekosea majina ya wajomba."

Alivaa miwani, akainama, akafuatisha kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye mstari wa arobaini na moja. Wake.

Safu ya sita: Alhamisi, 14.03.2019.

Alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya tatu.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, "umenichoka?"

"Dada, sikuandika mimi."

"Kaandika nani? Paka?"

"Naapa..."

"Mimi nimekubeba mgongoni. Nimekufuta kamasi kwa kiganja hiki. Leo unanipangia siku?"

Nilifuta mbele yake tarehe ile, pekee iliyojazwa kati ya walio hai. Ikajirudisha. Nikaifuta tena. Ikajirudisha, na kifua chake kikabana, akakohoa hadi akashika ukuta.

Kuanzia jioni ile nyumba yetu ikawa nyumba ya watu wawili wanaochunguzana. Dada alipika chungu chake peke yake. Maji ya kunywa aliyateka mwenyewe, akalala nayo chumbani. Jua likizama nilisikia akiburuta kiti kukiegemeza mlangoni. Nikimsalimu, anaitikia huku akitazama mikono yangu. Nami, nakiri, nilimshuku. Nilijiuliza kama hakuiandika mwenyewe ili anitie aibu mbele ya ukoo. Nilimshuku Bisibisi pia: nani mwingine aliyeifungua mashine? Lakini namna tarehe ile ilivyoandikwa, jina la siku mbele, kisha mkato, kisha sifuri na nukta, haikuwa ya dada wala ya fundi. Katika maisha yangu nimejua watu wawili tu walioandika hivyo.

Mmoja ni mimi.

Na kikohozi kilizidi. Jumanne hakuweza kumaliza sentensi. Daktari alibadilisha dawa, akaniambia nje ya mlango nisimwache peke yake. Ningemwambiaje kwamba mgonjwa ananiogopa mimi kuliko ugonjwa?

Jumatano, tarehe 13 Machi, saa kumi na moja na nusu jioni, Bisibisi alifika na mkoba wake. Alibonyeza hapa na pale, akakunja uso.

"Mzee, mashine yako inaona vioo viwili."

"Mimi ninacho kimoja."

"Najua. Kile kipande cha picha cha zamani, cha kwenye ubao, hakijazimika. Kinadhani kuna kioo kimechomekwa kwenye tundu la buluu. Ndiyo maana vitu vinakukimbia, vinakwenda kwenye kioo cha pili."

"Kiko wapi hicho cha pili?"

Akanionyesha mchoro: miraba miwili imepangwa sambamba. "Kulia."

Alisema kwamba kila kioo hujitambulisha kwa mashine kwa namba yake. Akanisomea namba ya kile cha pili. Sikuhitaji aimalize. Ilikuwa namba ya kioo cha Mkuu. Hati ya kukiteketeza niliiandika mimi, tarehe 12 Agosti 2010, na nilisimama hapo hadi kikawa majivu na vigae.

"Labda mashine imekikumbuka tu," alisema, lakini hakucheka. "Nikizime?"

"Ngoja!"

Nilijua kanuni. Upande wa Mkuu ukifungwa neno lake likiwa bado kwenye jalada, neno hilo ndilo mwisho. Karani hana ruhusa ya kufuta maandishi ya mkubwa wake. Ndiyo maana tarehe ilikataa kufutika. Ana ruhusa ya jambo moja tu: kulirudisha kwa hoja.

Nikachapa chini ya daftari: Hoja. Tarehe ya safu ya sita, mstari wa 41, haina hati ya kuithibitisha. Mhusika yu hai. Jalada linarudishwa kwa heshima. Nikatia herufi za jina langu na tarehe.

"Mzee," Bisibisi alinong'ona, "unamwandikia nani?"

"Mkubwa wangu wa kazi."

"Yuko wapi?"

Nikalisukuma daftari kulia.

Likapita.

Chumbani dada alikohoa. Mara moja. Kisha kimya.

Kimya.

Bisibisi alikuwa amekwenda nyuma ya mashine, ameweka kidole juu ya utepe. "Tundu linapata moto," alisema. "Mzee, hakuna waya hapa. Hakuna waya..."

Kafuri. Wino. Nilisikia kiti kikilia kwa uzito wa mtu anayeegemea nyuma kufikiri, kama alivyofanya yule mzee kila alipopelekewa hoja ngumu. Katika chumba kile kiti kilikuwa kimoja tu, nacho nilikikalia mimi.

Tup...

Nikangoja wa pili. Nilihesabu hadi kumi na tisa.

...tup.

Daftari likarudi. Safu ya sita ya dada ilikuwa tupu. Chini ya hoja yangu palikuwa na mstari mmoja. Niliusoma. Kabla ya kuvuta pumzi nikatia kistari kwa dada, kwangu, kwa watoto wa kaka, kwa kila mwenye uhai katika ukoo wetu. Kisha nikaukata mstari ule pamoja na hoja yangu, jambo linaloruhusiwa shauri likishajibiwa, nikapiga kelele, "Zima!"

Bisibisi akazima. Tangu siku ile mashine inaona kioo kimoja.

Alhamisi dada alivaa nguo zake za safari tangu asubuhi, akaketi sebuleni akiitazama saa ya ukutani. Jua lilipozama alikuwa bado anapumua, na vizuri kuliko juzi. Akageuka.

"Wewe, leo hakupikwi humu?"

Nilimletea uji. Aliukazia macho kitambo kirefu, akanitazama, akanywa. Mimi nililia jikoni, mzee mzima.

Bisibisi huwaeleza wateja kwamba yalikuwa mabaki ya kioo cha zamani kwenye ubao, na kwamba tarehe niliichapa mwenyewe kwa uzee. Simlaumu, hakuiona safu, alikuwa nyuma ya mashine. Ila siku hizi yeye hakubali kupachika kadi za picha kwenye mashine kuukuu.

Lakini dada yangu nalazimika kumsahihisha. Toka mkutano wa tarehe 16 Machi humsimulia kila mgeni, huku akinipigapiga begani, kwamba mdogo wake alibonyeza kitufe kimoja, tarehe ikafutika, akapewa maisha yake yote. Mgeni hucheka, nami hucheka pia.

Sivyo ilivyokuwa. Kistari kilicho kwenye safu yake ni changu, si cha Mkuu. Maneno ya Mkuu yalikuwa haya: Hoja imekubaliwa. Shauri limeahirishwa hadi. Ikafuata siku, mkato, na tarehe yenye sifuri na nukta.

Haikufutwa, iliahirishwa. Nayo ndiyo tarehe pekee niliyoiacha bila kuiandika katika maelezo haya.