Nywele za Nadhiri

Asubuhi ile Arishat aliamshwa na harufu ya ubani, na nyumbani kwake ubani ulikwisha tangu Warumi walipoizingira Karthago. Akageuka kumtazama binti yake, Batnoam, aliyekuwa bado amelala. Jana tu alikuwa amemnyoa mwenyewe, kipara kitupu. Sasa nywele zilimfika kiunoni.

"Mama, mbona unanikodolea macho?"

"Usijiguse kichwani, mwanangu."

Akajigusa, akapiga ukelele.

Wanawake wote wa mji walikuwa wamenyolewa ili nywele zao zisokotwe kamba za mitambo ya kurushia mawe. Mama na binti walifanya kazi hiyohiyo ya kusokota. Lakini nywele za Batnoam hazikuwa zao kuzitoa. Mwaka uliopita, homa ilipotaka kumchukua, Arishat aliweka nadhiri kwa Bibi Tanit, mungu wa kike wa mji: binti apone, na nywele zake zote ziwe za Bibi. Akapona. Vita vikaja kabla nadhiri haijatimizwa, na Arishat akajiambia kwamba Bibi ataelewa. Mimi simlaumu. Nani angebaki na nywele mbele ya majirani wenye vipara?

Karakanani, msimamizi Muttun alipomwona Batnoam aliangua kicheko.

"We binti, umepaliliwa na nani? Hebu wafundishe wenzako!"

Wakacheka, wakamnyoa. Jioni nywele zilikuwa zimefika tena mabegani, na hakuna aliyecheka.

Wakawa wanamnyoa kila siku, na kila siku Batnoam alipungua. Alikula posho yake na ya mama yake, bado mifupa ikazidi kuonekana. Na mchana, kazi ilipotulia, wanawake walianza kusikia sauti ya kitana kikipita taratibu kwenye nywele ndefu, juu, chini, juu, chini, karibu kabisa na Batnoam, ingawa karakana nzima haikuwa na kitana hata kimoja, wala aliyekihitaji, na kila sauti ilipokaribia ubani ulizidi kunuka hadi wengine wakaziba pua kwa nguo zao na kuendelea kusokota.

Arishat akamwita kuhani Shafat. Mzee huyo hakuvuka kizingiti.

"Hilo ni jini la kudai nadhiri," alinong'ona. "Linachukua la Bibi, nanyi mnalinyang'anya kila siku. Basi linachukua na mwili."

"Litatokaje, baba?"

"Rudisheni msuko wa kwanza."

Msuko wa kwanza ulikuwa ndani ya kamba, juu ya ukuta wa mji, kwenye mtambo mkubwa kuliko yote.

Arishat akampigia magoti Muttun. Safari hii Muttun hakutania.

"Nikiifumua kamba ile, mama, Warumi wataingia kesho."

"Basi acheni kumnyoa. Ninaye huyo mmoja tu, bwana!"

"Anatupatia kamba nzima kila siku. Na mimi nina mabinti wanne." Machozi yalimtoka. Kisha akaagiza mikasi iletwe.

Siku ya tisa, jua la utosi, Batnoam alifia mikononi mwa mama yake. Arishat alimzika kwa uchungu wenye nafuu ndogo: angalau sasa hakuna mtu atakayemnyoa.

Siku ya tatu baada ya maziko alipeleka maziwa kaburini. Akamkuta Muttun pale, na wanawake wa karakana wamechuchumaa. Nywele zilikuwa zimetoka chini ya jiwe la kaburi, nyeusi, zimechanwa vizuri, zinanuka ubani. Walikuwa wakizikata.

Arishat akaanguka juu ya jiwe. Chini yake kitana kilikuwa kikipita taratibu.

"Batnoam?"

Kitana kikasita.

"Mama," sauti ikasema kutoka chini, "waambie wasivute."

Wote waliisikia, maana mikasi ilinyamaza. Arishat aliwatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakainamisha vipara vyao. Muttun akalisogeza kapu karibu, na mikasi ikaendelea.