Rangi ya Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alikata kauli katikati ya mkondo, kisiwa kikiwa nyuma na bara bado mstari mwembamba mbele.

Hakuwa mtu. Alikuwa injini ya boti, ya kufungwa nyuma na kuwashwa kwa kuvuta kamba, aliyebeba tangi lake la petroli kichwani kama mwanamke anayetoka kisimani. Alikuwa akivusha watu tangu nahodha mwenyewe akiwa wa kubebwa mgongoni, hadi akapewa heshima ya jina. Na safari hii ilikuwa yake ya mwisho. Nahodha alikuwa anampeleka dukani kule gatini, amwache hapo, aondoke na injini mpya.

"Amesikia anauzwa," alisema mjomba wa nahodha. "Amenuna."

"Mjomba, plagi hiyo. Isafishe."

Mjomba ndiye aliyekuwa fundi. Alikuwa amemfungua na kumfunga Bi Mkubwa mara nyingi kuliko mlango wa nyumba yake, na wiki nzima nyumba haikukalika kwa ubishi. Yeye alisema abadilishwe pete za pistoni na beringi tu, atawazika wote. Nahodha alisema boti ndiyo inayolisha nyumba, na nyumba hailishwi na mashine inayokohoa kila asubuhi.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema mjomba.

"Mbachao umetoboka, mjomba," alijibu mpwa wake, akaenda kutafuta kopo la rangi.

Alimpaka Bi Mkubwa rangi ya buluu kuanzia utosini hadi kwenye pangaboi, tena mara mbili, nzito kama uji, ili mwenye duka asione kutu. Nahodha, mwanamke mwenye mabega ya kuvutia nanga, alishika brashi kwa upole utadhani anampamba bibi harusi. Mjomba alisimama akatazama. "Chema chajiuza," akasema, akaingia ndani kulala.

Sasa mjomba aliifuta plagi kwa pindo la shati. Abiria wao alikuwa mmoja tu, mshonaji, shoga wa nahodha tangu utotoni, aliyekalia robota la maturubai aliyoyashona kwa mteja wa bara. Naye, ili asionekane amekaa bure, alifungua kifuniko cha tangi akachungulia.

"Mafuta tele," akasema, akafunga.

Plagi ikarudi mahali pake. Nahodha akavuta kamba, Bi Mkubwa akanguruma papo hapo.

"Unaona?" alisema mjomba. "Anataka kubembelezwa tu."

Wakacheka wote watatu, na kwa kucheka huko hakuna aliyetazama kusini, ambako wingu lilikuwa limeinama hadi likagusa maji.

Mvua iliwafikia kama mchanga uliotupwa usoni. Upepo ukafuata, na bahari iliyokuwa imelala chali ikainuka ikasimama. Boti ilipanda wimbi, ikaning'inia, ikaanguka upande wa pili kwa kishindo kilichogonganisha meno. Nahodha alishika usukani kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, macho nusu yamefumbwa kwa chumvi. Alikuwa anaogopa na wakati huohuo damu inamchemka, maana boti ilikuwa inatii.

Ndipo Bi Mkubwa akanyamaza tena.

Boti isiyo na injini hugeuka ubavu. Wimbi lililofuata liliingia bila hodi, likabeba mtungi wa maji ya kunywa, likaondoka nao.

"Plagi!" alipiga kelele mjomba, tayari amepiga magoti na spana mkononi.

Mshonaji alichungulia tangi. Mafuta yapo. Mjomba akafuta, akakaza, nahodha akavuta kamba, mashine ikaitika. Lakini boti iliruka mjomba akiwa bado hajaondoa mkono. Spana ikateleza, ikaruka baharini, na ukingo wa bati la injini ukampasua kiganja toka kidole gumba hadi kifundoni.

"Nionyeshe," alisema mshonaji.

"Ni mkwaruzo."

"Mkwaruzo unatoa damu kama bomba? Lete mkono, mzee." Akaufunga kwa kitambaa cha kichwani mwake, akaukaza hadi damu ikapungua.

Walikwenda hivyo, wakipanda na kushuka, mpaka wakasikia ngurumo isiyokuwa ya radi.

"Mwamba," alisema nahodha.

Mbele yao mawimbi yalikuwa yanapasuka meupe, mstari mrefu, na katikati ya mstari kulikuwa na mlango mmoja tu wa maji meusi, si mpana kuliko barabara. Ndani ya mlango ule kulikuwa na bandari. Nje yake kulikuwa na mawe yaliyomaliza boti kubwa kuliko hii. Bi Mkubwa alichagua pale pale kufa mara ya tatu.

"Turubai!" alisema nahodha. "Fungeni pembe zote kwa kamba ya nanga. Litupeni mbele."

Turubai lilizama nusu, likajaa maji kama tumbo, likaivuta pua ya boti iyatazame mawimbi. Halikuwasimamisha. Liliwapunguzia mwendo tu wa kwenda kwenye mawe.

Mkono wa mjomba haukushika kitu, na spana ilikuwa chini ya bahari. Plagi haikuweza kuguswa. Kilichobaki ni kuchungulia mafuta, na nahodha alikifanya kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Aliinamia tangi kulikinga na mvua, akazungusha kifuniko.

Tangi likavuta pumzi. *Fyuuu*, kama mtu aliyetolewa mto usoni.

Akavuta kamba. Bi Mkubwa akanguruma.

Nahodha alibaki amekishika kifuniko mkononi. Plagi haijafutwa. Hakuna kilichofanywa ila kufungua hiki. Akakigeuza. Kilikuwa cha buluu, laini kama yai.

"Mjomba, tangi hili linapumulia wapi?"

"Kwenye kitundu cha kifuniko, katikati. Hewa isipoingia, petroli haishuki..." Mjomba alikitazama kifuniko, akaitazama rangi, akamtazama mpwa wake. "Umemziba pua, mwanangu."

Wimbi lilipiga ubavuni na nahodha akaziba mdomo wa tangi kwa kiganja. Kwenda na tangi wazi hakukuwezekana, maji ya chumvi yangeingia kwenye mafuta, na hapo Bi Mkubwa asingeamka tena.

"Shoga, sindano!"

"Ya shati au ya turubai?"

"Ya turubai, nawe!"

Mshonaji aliichomoa kwenye ukosi wa gauni lake, nene kama msumari. Ilichoma mara moja, ikateleza. Mara ya pili ganda la buluu likapasuka na mwanga ukapita. Kifuniko kikarudi, kamba ya turubai ikakatwa, na nahodha akaelekeza pua mlangoni.

Hakukimbilia. Aliliacha wimbi kubwa lipite chini yao, kisha akafungua mafuta yote na kulipanda mgongoni. Mawe yalipita kulia, meusi, yanachuruzika povu. Yakapita kushoto, karibu kiasi cha kuguswa. Bi Mkubwa alipiga kelele, akazitetemesha mbao zote za boti, wala hakukohoa. Kisha kelele za mwamba zikawa nyuma yao, na maji yakalala.

Mwenye duka aliwapokea gatini na mwavuli. Aliikagua injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Rangi nzuri," alisema.

Walicheka hadi wakakaa chini kwenye zege.

"Nunua mpya," alisema mjomba, akifuta machozi kwa mkono mzima. "Nimeuona mwamba. Sina ubishi tena."

"Mimi ninao," alisema nahodha. "Tumemziba pua na bado ametufikisha. Kosa lake lilikuwa nini? Kuwa peke yake. Utambadilisha pete na beringi, kama ulivyosema. Na injini ile ndogo pale pembeni nitaichukua ikae ubavuni pake. Mmoja akinyamaza, mwingine aseme."

"Unamletea mke mwenza? Bi Mkubwa atakasirika."

"Atazoea," alisema mshonaji. "Nirudishieni sindano yangu."

Hawakumrudishia. Bahari ilipotulia na Bi Mkubwa kupata pete zake, waliondoka gatini, na sindano ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mpini wa injini. Bi Mdogo alikuwa amekaa kimya kando, anajifunza. Kila walipoacha wimbi nyuma nahodha aliinama, akaweka sikio karibu na kifuniko, kuhakikisha bibi mzee anapumua.