Aliyeonyeshwa Ziwa

Siku ya gari moshi, nusu ya mji wa Morogoro ilihamia stesheni. Reli ilikuwa bado mpya enzi hizo za Mjerumani, na watu walikwenda kulitazama gari likikohoa moshi hata kama hawakuwa na mgeni wa kumpokea. Askari wa boma walikuwapo, Wahindi wa madukani walikuwapo, wapagazi waligombea mizigo, na katikati ya msongamano huo alipita Mwaisha binti Salehe, msichana wa Towelo, kule juu milimani, amejifunga kaniki mpya na tenga la ndizi kichwani.

Mpagazi mmoja aliyebeba sanduku la bati akampiga kikumbo. Tenga likaruka, ndizi zikatapakaa. Kabla hajainama, mtu mwingine alikwisha kuchutama akiziokota, kijana mrefu mwenye kanzu nyeupe, kisibau cheusi na kofia nyekundu yenye kishada. Alizipanga chana kwa chana kana kwamba ni mayai.

"Ndizi zako zimekuja kuanguka miguuni pangu, binti," alisema. "Kwetu mgeni akiangukia mlangoni hafukuzwi."

"Kwetu mtu akiokota cha mwenzake hukirudisha kwanza," Mwaisha akajibu, "porojo huja baadaye."

Kijana akacheka, akamtwisha tenga, na porojo zikafuata kama alivyoambiwa. Jina lake Dadi, mzaliwa wa Mwembesongo. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha Wazungu milimani. Walikuja kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam wakikimbia joto la pwani, wakitaka kuyaona maporomoko ya maji, kulala kwenye mahema penye ukungu, kupiga ndege, na kusimama kileleni walitazame bonde lote lililolala chini. Dadi alikuwa mnyapara wa wapagazi na kiongozi wa njia. Kijerumani alikijua cha kutosha kuwachekesha mabwana, na hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe kila mara.

Basi kila Mwaisha aliposhuka sokoni, Dadi alikuwapo, na alipopanda kurudi, Dadi alimsindikiza hadi mahali njia inapoanza kukata pumzi. Alipokuwa safarini na wageni wake, alimtumia salamu kupitia Asia, rafiki yake Mwaisha aliyeuza vitumbua mjini.

"Anasema macho yake yameota kutu kwa kuitazama njia ya mlimani," Asia alimwambia siku moja.

"Mwambie ayasugue kwa jivu," alijibu Mwaisha, lakini usiku huo alilala akitabasamu.

Haukupita muda mrefu Dadi akatuma wazee kuposa. Walipokelewa na mjomba wa Mwaisha, Mzee Hatibu, kwa kuwa kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mzee aliuliza mengi, akakohoa, mwishowe akakubali. Harusi ikapangwa kufanyika baada ya mavuno.

Sasa, ukoo wa Mwaisha ulikuwa na ziwa. Lilikuwa ziwa dogo sana, limefichwa na msitu nyuma ya mwamba mkubwa, na maji yake meusi yalitulia hata siku ya upepo. Mvua zikichelewa, wanawake wa ukoo walipanda huko na chungu cha pombe ya mtama, wakavua viatu, wakanong'ona maneno ya bibi zao, wakarudi bila kugeuka. Njia ya kwenda huko hakuonyeshwa mtu wa nje, hata akiwa mume. Bibi yake Mwaisha alipofariki, chungu kilikabidhiwa kwake yeye, mjukuu mkubwa. Hakuna heshima aliyoitaka zaidi ya hiyo.

Dadi alisikia habari za ziwa, akaanza kuuliza. Aliuliza kwa utani kwanza, kisha kwa upole. Alisema ameizunguka milima hii yote mpaka mawe yanamfahamu kwa jina, na sehemu pekee asiyoijua ndiko alikotoka mke wake. Je, ataoa nusu ya mtu? Mwaisha alikataa, akakataa tena. Siku ya tatu ya kukataa alijiona mchoyo.

Alimpeleka asubuhi moja, umande ukiwa bado kwenye majani. Dadi alivua viatu bila kuambiwa. Alipiga magoti, akanawa uso, na Mwaisha akamshika mkono kwa kumpenda.

"Hapa ni kwenu," alisema Dadi. "Nami nimekuwa wa kwenu. Siri yako ikitoka kinywani mwangu, maji haya yaninywe."

Mwaisha aliamini. Ungeliuona uso wa Dadi siku ile, wewe pia ungeliamini.

Mwaka ule mvua za vuli zikakawia. Maharage yalikauka kwenye mashamba yaliyochongwa ngazi mlimani, na Mzee Hatibu akasema wakati umefika. Mwaisha alibeba chungu, nyuma yake mdogo wake Furaha na kina mama wengine, wote kimya kama desturi. Walipoukaribia mwamba wakasikia mlio wa bunduki. Ndege waliruka juu ya msitu wote kwa pamoja. Kisha likaja cheko la mwanamke, na wimbo wa wapagazi.

Mahema matatu yalisimama ukingoni. Mzungu mmoja, mwenye shamba la mpira huko bondeni, aliyeitwa na watu Bwana Miwani, alikuwa amesimama na bunduki, bata amekufa miguuni pake. Mkewe alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, amepaka sabuni mikononi, na povu jeupe lilisafiri polepole juu ya maji meusi. Karibu na moto, amevaa suruali ya kaki na buti mpya, Dadi aliwaelekeza wapagazi mahali pa kuchimba choo.

Aliinua macho akamwona. Mwaisha alisubiri. Hata wakati ule, chungu kikiwa kichwani, bado alikuwa akimtafutia Dadi udhuru: labda amelazimishwa, labda wamelifikia wenyewe, labda sasa hivi atawaambia waondoke.

Bwana Miwani akaigeuza bunduki begani, akauliza kwa Kiswahili chake cha amri, "Nani huyu mwanamke?"

Dadi alimtazama usoni.

"Mwanamke wa kijijini tu, bwana. Simjui."

Mwaisha hakulia wala hakutukana. Alikishika vizuri chungu kichwani akageuka. Kina mama wakageuka naye. Njia nzima ya kurudi aliyasikia maneno yale yakitembea mbele yake. Ziwa lilikuwa limepotea, na hilo peke yake lingetosha kumvunja. Lakini kilichomkata ini ni kwamba Dadi alimtazama usoni, akamjua, ndipo akasema hamjui.

Jioni ile wazee walikaa. Mzee Hatibu aliuliza ni nani aliyemwonyesha Dadi njia. Walitajwa wawindaji, wakatajwa wachoma mkaa. Mwaisha angeweza kunyamaza, na Furaha alimbana goti anyamaze. Akasimama akasema ni yeye.

Mjomba hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimwambia Furaha akichukue chungu akiweke upande wake wa nyumba. Kisha akasema posa imerudi ilikotoka, na watu wakatawanyika bila kumtazama Mwaisha. Heri wangemtazama.

Mambo hayakuishia hapo. Wageni wa Bwana Miwani walilipenda ziwa, nao wakawasimulia wengine. Kabla ya mwaka kwisha mawe ya mipaka yalikuwa yamewekwa msituni, nyumba ya mbao ya kupumzikia wasafiri imejengwa ukingoni, na mtu wa Towelo akikutwa huko aliulizwa anatafuta nini. Dadi alituma salamu mara nyingi kwa Asia. Mwaisha hakujibu hata moja. Utani ulikuwa umemwisha.

Alikuja mwenyewe mwishoni mwa masika. Mwaisha alikuwa akipalilia magimbi kando ya kijito alipomwona akipanda polepole kama mzee, bila kisibau, bila kofia. Alipofika hakuketi. Mwaisha akaona ni kwa nini: kanzu ilikuwa imegandamana na mgongo, na damu ilikuwa imepenya.

Alimwelekeza chini ya kivuli, akailowesha kanzu kwa maji mpaka ikaachia ngozi, akatafuna majani ya dawa akayaweka kwenye vidonda. Dadi aliongea akiwa amelala kifudifudi. Bwana Miwani alikuwa amesikia kwamba juu ya ziwa kuna pango la mizimu, akataka kupelekwa. Dadi akakataa. Alichapwa kiboko mbele ya wapagazi wake na kazi akanyang'anywa.

"Nimekataa kwa ajili yako," alisema.

Mwili wa Mwaisha ulikuwa haujasahau chochote. Harufu ya shingo ile ilimrudishia asubuhi zote za njiani, na kama Dadi angenyamaza pale, pengine angeshinda. Lakini kulikuwa na jambo alilotaka kulijua.

"Siku ile ya ziwa, Dadi. Uliulizwa, au ulijitolea?"

Dadi aligeuza uso upande wa pili.

"Kulikuwa na kiongozi mwingine, wa Kingolwira. Bwana alianza kumpenda kuliko mimi. Alisema milima yangu ameimaliza. Nikaogopa." Akavuta pumzi. "Nilijitolea."

"Na kusema hunijui?"

"Niliona haya. Ningesema ni mchumba wangu, Bwana angejua kwamba nimewauza watu wangu. Nikasema lile lililokuja mdomoni."

Mwaisha alimaliza kumfunga mgongo kwa upande wa kanga yake. Dadi akainuka kwa taabu, akapiga magoti, akaomba waanze upya. Wangekwenda mbali, alisema, kule reli inakojengwa, Kilosa au hata Tabora, ambako hakuna anayemjua Mzungu yule wala ziwa lile. Angemwoa hata kesho.

"Ninakupenda, Dadi," Mwaisha alisema. "Sitakudanganya, maana umeniambia kweli. Na kwa hicho kiboko nimekusamehe. Lakini mke hulala usingizi kando ya mumewe, na mimi kando yako nitalala macho. Kila ukitoka nyumbani nitajiuliza leo umeogopa nini, na umetoa nini ili usiogope."

Dadi alisimama, akamshukuru kwa dawa, akashuka. Mwaisha alilia mpaka jua likahamia upande wa pili wa mlima. Baadaye Asia alimwambia kwamba Dadi ameonekana akipanda gari moshi la bara, na mgongo ukiwa bado umefungwa kanga.

Miaka miwili baadaye mvua zilichelewa tena. Mzee Hatibu alikuwa amepata chemchemi nyingine, mahali ambapo hakuna bunduki iliyofika, na Furaha alipanda na chungu pamoja na kina mama. Mwaisha alibaki nyumbani na mashemeji na watoto, akimenya maharage. Hakujua wametoka kwa upande gani, wala hakutazama wanarudi kwa upande gani.

Mvua ilianza kunyesha kabla hawajavua nguo zenye umande. Furaha aliingia jikoni akitetemeka kwa baridi na shangwe, akachutama karibu na dada yake motoni. Akasema si haki. Akasema chungu kilikuwa cha Mwaisha, na Mwaisha peke yake ndiye aliyesimama siku ile akasema kweli. Akainama sikioni kwake.

"Ngoja nikuambie ni wapi."

Mwaisha alimziba mdomo kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Usiniambie," alisema. "Huenda nikapenda tena."