Ampuli za Camille

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Nyalukemba, wachota maji walimkuta Camille kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya mama yake, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mpaka lenye udongo mbichi. Mwalimu huyu alipiga picha za usiku kwa ampuli kuukuu, balbu za kumulika, alizozipata kwa bei ya karanga studio moja ilipofungwa. Kila moja huwaka mara moja tu, basi, imekufa.

Inspekta Gisèle alipanda hatua arobaini ndipo akaiona kamera, imesimama kwenye miguu yake mitatu, jicho wazi. Taa ya kuwashia ampuli haikuwepo; ampuli moja tu ilikuwa nyasini, imepondwa, ngozi ya kidole imenata kwenye kioo.

Polisi walimkamata Dany, rafiki wa Camille. Juzi tu walichaniana mashati wakigombania ampuli hizo.

“Inspecteur, mimi niibe taa, niache apareyi?” Dany alifoka. “Usiku tunafungua jicho ya apareyi, inabaki kule mbali. Mwenye taa njo anatembea, anawasha fasi yenye anataka. Na ampuli ikitoka kuwaka iko moto! Tunaitosha, tunaing’oa na kitambaa. Ona mikono yangu.”

Mikono ilikuwa safi, haijaungua popote. Gisèle alimwachia, akampa filamu aisafishe. Saa nane akaenda matangani.

Tonton Alphonse, baba mdogo wa marehemu, alikuwa akilia kumshinda mama mzazi. Mnafiki mkubwa! Vidole vyake viwili vilikuwa na malengelenge.

“Sufuria ya bugali ilinichoma,” alisema.

Maman Eulalie, mama wa Camille, aligeuka. “Weye? Tangu lini unapika?”

Gisèle akaiweka kamera mezani. “Papa Alphonse, picha yako iko humu.”

“Bongo, unadanganya! Apareyi nilitupa mu lac!”

Watu wote wakamgeukia.

“Ulitupa taa, papa.”

“Ku telefone taa na apareyi vyote viko pamoja!” Alphonse alilia, safari hii kwelikweli.

Akayatoa yote. Alikuwa akihamisha mawe ya mpaka ale parcelle, kiwanja cha shemeji yake mjane, mwanga ukammulika. Akampiga mtoto wa kaka yake, akaing’oa ampuli kwa vidole, akaiponda akidhani picha imo ndani, kisha akaitupa taa ziwani.

Maman Eulalie alinyoosha mkono. “Nionyeshe hiyo picha.”

“Hakuna, maman. Jicho ilibaki wazi mpaka jua ikatoka. Filamu yote iko nyeusi tii.”

Alphonse aliinua kichwa. Angeufunga tu mdomo wake, jioni ile angekuwa anakula nyama ya matanga.

“Hata moja?” mama aliuliza. “Hata kivuli cha mutoto wangu?”

“Hata moja,” Gisèle alijibu, akatoa pingu.