Kizima Nukta Moja, Kibovu Mbili

IJUMAA, SAA 4:15 ASUBUHI

"Dakika ishirini," alisema Nyundo. "Ya ishirini na moja ni ya kuchimbiana makaburi."

Chumba cha nyuma cha duka la Fundi kilikuwa na meza moja, kompyuta tisa zilizopasuliwa matumbo, na wanaume watatu wasioaminiana. Nyundo, mwenye gari na mwenye dili, alikuwa anachora ghala juu ya kifuniko cha boksi. Wa tatu alikuwa mlinzi wa ghala hilohilo, mdogo wa mke wa Fundi. Fundi alimwita Shemeji, na sasa hata Nyundo alimwita hivyo.

"Saa saba wote wanatoka kwenda kula," alisema Shemeji. "Nabaki peke yangu. Mnanifunga kamba, mnanitia kitambaa mdomoni. Ila kwa upole, Nyundo. Mimi si gunia."

"Kwani nimewahi kuua mtu?"

Shemeji alijikuna kisogo.

Mzigo ulikuwa SSD, diski za kuhifadhia kazi kwenye kompyuta. Bei ya halali ilikuwa imepaa mpaka wateja wakaacha kuuliza. Mwenye ghala, mjanja wa mjini, alichanganya halisi na feki kwenye maboksi yaleyale. Kwa macho hazitofautiani. Feki imeandikwa terabaiti mbili. Ipasue, utakuta kikadi cha kumbukumbu cha simu kilichobandikwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kudanganya mkono. Ndiyo maana Nyundo alimhitaji Fundi.

Na Fundi alimhitaji Nyundo. Miezi sita nyuma alinunua feki kumi na mbili bila kujua, kwa tamaa ya bei, akazifunga kwenye kompyuta za zahanati anakofanya kazi mkewe. Rahisi huvunja upishi, na huu ulikuwa umevunjikia kwa mke. Ni yeye aliyetia saini kwamba diski ni halisi, kwa kumwamini mumewe. Jumatatu wakaguzi wangefungua kila mashine. Saini ile ingempeleka jela, naye Fundi alikuwa hajalala siku nne.

"Kumi na mbili zangu," alisema. "Nyingine zenu."

"Umeshasema mara saba, Fundi. Nimesikia."

SAA 7:04 MCHANA

Shemeji alifungua mlango mdogo wa ghala, akageuka, akaweka mikono nyuma ili afungwe. Nyundo akampiga nondo kisogoni.

"Tulikubaliana kamba!" alisema Fundi.

"Kamba haizibi mdomo wa mtu akiulizwa. Pima, muda unakwenda."

Shemeji alianguka kifudifudi. Damu ilitambaa polepole kwenye saruji. Fundi alipiga magoti, akamgusa shingo. Alikuwa anapumua. Fundi aliona uso wa mkewe, akamsikia akiuliza mdogo wangu yuko wapi. Kisha, Mungu amsamehe, akafungua laptopu.

SAA 7:09 MCHANA

Chomeka. Soma ujazo. Halisi. Chomeka. Feki. Feki. Halisi.

Macho yalikuwa yanarudi kwa Shemeji kila mara, kwa hiyo mikono ilijifanyia kazi yenyewe. Ilikuwa na miaka kumi na minne ya kuizoea. Dukani, kila kilichopita mkononi mwa Fundi kilitiwa nukta nyekundu, kizima moja, kibovu mbili, ili vibovu visirudi kwenye vizima na mteja mjanja asimbadilishie kifaa. Alitumia rangi ya kucha ya mkewe. Kichupa kilikaa daima mfuko wa shati, na kila mke akitaka kujipamba ilibidi akiazime.

Chomeka, soma, tia nukta, weka. Nyundo alikuwa mlangoni anachungulia barabara. Halisi ziliingia begini. Feki zilibaki sakafuni.

SAA 7:22 MCHANA

"Panda," alisema Nyundo.

"Na Shemeji? Nimpeleke hospitali."

"Mpeleke. Diski naondoka nazo mimi."

Fundi alisimama, mguu mmoja garini, mwingine chini. Alihesabu mpaka tatu. Akapanda.

JUMAPILI, SAA 9:00 ALASIRI

Zahanati ilikuwa tupu. Fundi alikuwa amemwambia mkewe ni matengenezo tu kabla ya ukaguzi. Mke alimshikia tochi, naye Fundi anafunga diski ya mwisho. Machozi ya mke yalikuwa yanamdondokea mikononi. Mdogo wake alikuwa hajazinduka.

"Waliomfanyia hivi, Mungu awaone."

Maji yalikuwa yamemfika Fundi shingoni. Alikaza skrubu.

"Amina, mama," alisema.

JUMATATU, SAA 4:30 ASUBUHI

Mashine kumi na mbili zilikuwa wazi mezani. Mkaguzi alichomoa ya mwisho, akaipima, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Zote halisi. Hongera, mama. Siku hizi ni nadra."

Fundi, aliyesimama nyuma ya mkewe, alivuta pumzi ya kwanza tangu Ijumaa. Ndipo mpelelezi alipobisha hodi.

"Mama, pole kwa mgonjwa. Nimekuja kwa sababu yake. Swali moja tu." Alitoa mfuko wa plastiki, akauweka mezani. Ndani mlikuwa na diski feki. "Tumezikuta nyingi pale ghalani alipolala mdogo wako. Alama hizi unazijua?"

Nukta mbili, nyekundu.

Mpelelezi hakungoja jibu. Macho yake yalikuwa yameshaangukia diski iliyo mkononi mwa mkaguzi. Nukta moja. Kisha mashine ya pili. Nukta moja. Kisha kucha za mama, zenye rangi ya wiki iliyopita iliyoanza kubanduka.

Mke naye alizitazama kucha zake. Kisha akamtazama mumewe, kwa muda mrefu. Fundi aliona anavyoelewa, kitu kimoja baada ya kingine: diski za kwanza, diski za jana, tochi, lile amina.

"Mama," alinong'ona Fundi, "ilikuwa kwa ajili yako."

Mke alimgeukia mpelelezi.

"Rangi ni yangu, afande," alisema. "Mkono ni wa huyo hapo."

Fundi aligeuka, akaweka mikono nyuma, kama Shemeji alivyoiweka. Mpelelezi alimfunga kwa upole.