Lipu ya Bwana Timazi

Ndugu zangu wa bondeni, sogeeni. Na wewe unayesema habari za mafuriko ni za watu wa kule chini ukingoni, kaa mbele kabisa, nikuone macho.

Ilikuwa alasiri tulivu ya kiangazi. Bwana Timazi, mwashi tuliyempa jina hilo la kamba ya kupimia wima kwa sababu ukuta wake haujawahi kuinama hata unene wa kucha, alikuwa barazani kwake anakunywa chai. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewajengea wengine. Nyumba hii, hatimaye, ilikuwa yake. Vyumba vinne, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ukicheka unaona meno yako, na dirisha kubwa upande wa mashariki ili mkewe, fundi cherehani, apate mwanga wa kutungia uzi. Mkewe alikuwa hapo hapo dirishani, anakunja mapindo ya sare za shule. Mpita njia angesema: hawa wamefika.

Aliyepita ni katibu wa ushirika, mama mmoja asiyejua kutembea polepole.

"Hodi hapa, shemeji."

"Karibu. Ila nikikuona na makaratasi najua hukufuata chai."

"Chai nitakunywa, na karatasi utasaini." Akakaa. "Bima ya mafuriko. Kampuni imekubali kutuchukua kwa kundi, lakini lazima tufike nyumba arobaini. Tuko tisa. Na bima ya kila mtu inaanza kufanya kazi siku thelathini baada ya yeye kusaini, kwa hiyo habari ya kungoja mawingu haipo."

Bwana Timazi akacheka. "Kwangu ruka. Bima ninayo tangu nilipokopa saruji."

"Ile ni ya moto na wizi," mkewe akasema bila kuinua kichwa. "Nimeisoma. Ukurasa wa nne, kwa herufi za sisimizi: maji yanayopanda kutoka mtoni hayamo."

"Basi huo mto upande kwanza, nione. Mara ya mwisho maji yaliishia magotini."

Tusimame hapa kidogo, ndugu zangu. Hayo ya magotini aliambiwa na nani? Mwaka wa maji makubwa yeye alikuwa mjini, anabeba zege kwenye ghorofa za watu. Hakuyaona. Na ushahidi tulikuwa nao: ukutani kwa mashine ya kusaga, waliookoka walichonga mstari kwa tindo pale maji yalipofika. Mimi sijasahau. Sijasahau pia waheshimiwa waliokuja na mabuti mapya, wakapigwa picha, wakaondoka, kisha ramani yao ikaandika kwamba kwetu ni eneo salama! Wao walikuwa na ramani. Sisi tulikuwa na mstari. Na mstari huo aliufukia nani? Bwana Timazi huyu huyu. Miaka mitatu nyuma mwenye mashine alimpa kazi ya kupiga lipu ukuta ule, naye akapitisha mwiko juu ya mstari bila kuuliza ni wa nini. Mkono wa mwashi ukikuta kovu, unalijaza. Alisimama nyuma akaitazama kazi yake, akaridhika.

"Mimi nilikuwepo," mkewe akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, juu ya mabega ya baba."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto anaona kila kitu kirefu."

"Na baba yangu naye alikuwa mtoto?"

Katibu akamaliza chai kwa mikupuo miwili, akaaga. Fundi cherehani angesaini saa ile ile, lakini hati ya kiwanja ilikuwa na jina moja tu, na halikuwa lake.

Neno la magotini likatembea. Nusu ya nyumba zetu zilijengwa na mkono wa Bwana Timazi, na ukishalala miaka chini ya paa la mtu, unamwamini hata kwa asiyoyajua. "Timazi mwenyewe hajasaini," alisema kinyozi, wembe ukiwa shingoni mwa mteja, "mimi ni nani?" Wiki ikakatika. Tisa hawakufika hata kumi.

Jumamosi asubuhi, foleni ikiwa imejaa kwenye mashine ya kusaga, fundi cherehani akatokea na nyundo na tindo za mumewe. Akaomba ruhusa kwa mwenye mashine, akaivuta meza, akapanda, akaanza kubomoa lipu.

"Shemeji, leo umeacha nguo unashona kuta?" kinyozi akauliza, watu wakacheka.

"Nafumua kwanza," akajibu.

Mumewe akaitwa. Alikuja mbio, viatu havijafungwa.

"Mama watoto! Unavunja kazi yangu mbele za watu?"

"Kazi yako nzuri, baba watoto. Ndiyo maana inanichosha."

Hakuna aliyecheka tena. Vipande vikaendelea kuanguka. Kisha ukatokea: mstari mnene, uliochongwa kwa hasira, na mwaka wake pembeni. Fundi cherehani akashuka, akamwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Simama hapa."

Akasimama. Mstari ulikuwa juu ya kichwa chake, na kati yake na kofia yake ungeweza kupitisha kiganja.

Katibu hakuhitaji kuhutubia. Mpaka saa sita mchana nyumba hamsini na moja zilikuwa zimesaini, ya kinyozi ikiwa ya kwanza siku hiyo. Na ya Bwana Timazi? Haikuwemo. Alikuwa amekwenda zake nyumbani, amenuna. Siku kumi na mbili hakutaka kuisikia bima. Haikuwa kwamba bado anabisha. Macho yake yalikuwa yameona. Kilichomzuia ni kule kusaini baada ya mkewe kuwa sahihi mbele ya foleni nzima. Siku ya kumi na tatu akamfuata katibu kimya kimya, akasaini, akadhani ameyamaliza.

Mvua ilianza huko milimani, sisi hatukupata hata tone. Ilikuwa siku ya thelathini na sita tangu Jumamosi ile. Mto ukaja saa nne asubuhi, mweusi, umebeba mabanda ya kuku na magogo. Tulipanda wote hadi shule ya kilimani, tukahesabiana, hakuna aliyepungua. Hilo tunajivunia mpaka leo. Fundi cherehani alibeba kichwa cha cherehani mgongoni kama mwana.

Maji yaliposhuka, kuta za Bwana Timazi zilikuwa zimesimama, zimenyooka vilevile. Lakini mto ulikuwa umekula udongo chini ya msingi. Sakafu ile ya kujitazama meno ilikuwa imevunjika katikati na kuzama, na dari ilikuwa imelala juu ya vitanda.

Mkaguzi wa bima akapita nyumba kwa nyumba. Kwa kinyozi aliandika, akapiga muhuri. Kwa jirani, muhuri. Kwa Bwana Timazi alitazama tarehe, akaitazama tena.

"Fundi, bima yako inaanza wiki ijayo."

 Bwana Timazi alikaa kwenye tofali, mkewe akaketi karibu naye. Hakumwambia "nilikwambia." Ndugu zangu, mimi ningemwambia.

Mwezi uliofuata kinyozi alimfuata Bwana Timazi kwenye chumba cha ghala la ushirika walikohifadhiwa yeye na mkewe. "Bima imelipa. Njoo unijengee."

"Mimi niliyewadanganya?"

"Ulijidanganya mwenyewe. Sisi mkeo alituamsha. Njoo, ila sakafu uipandishe."

Akaenda. Mwaka mzima alijenga nyumba za wengine, sakafu juu kuliko mstari, misingi ya mawe. Njoo uone bonde letu sasa! Maofisa wa kata nyingine wanakuja kupima ngazi zetu. Na atunzaye fomu zote za bima, anayewasomea watu herufi za sisimizi kwa sauti, ni fundi cherehani.

Nyumba yao wenyewe ilijengwa mwisho, kidogo kidogo, vyumba viwili tu kwa sasa. Ilipopauliwa walikwenda pamoja kwenye ofisi ya ardhi kubadilisha hati. Karani akauliza, kalamu hewani, "Mwenye nyumba nani?"

Bwana Timazi akamshika mkewe bega, akamsogeza mbele. "Huyu. Mimi jina langu liandike chini yake."

FUNZO

Usiulize maji yalifika wapi kwa mtu ambaye hakuwepo, hata kama ndiye aliyekujengea. Bima ya moto haikuokoi na mto: soma karatasi yako yote leo, na usipoweza, tafuta wa kukusomea. Saini wakati jua linawaka, maana siku za kungoja hazimhurumii aliyenuna. Hati ya nyumba iwe na majina ya wote wanaolala humo kama mume na mke. Na ramani ikikuambia uko salama, muulize aliyeichora analala wapi.