Mbao Mbili Zilizopishana Kileleni

Nina kitendawili, msomaji wangu, na usichungulie chini kwanza. Ndugu wawili wamepishana vifuani. Wakitanua miguu, mikono nayo hutanuka. Wakibana miguu, mikono nayo hubana. Ni nani hao?

Umesema mkasi? Hujakosea. Ila wangu hawakati nguo. Wangu wanakaa juu ya paa.

Kule Lamphun, kaskazini mwa Thailand, nyumba za zamani zina mbao mbili zinazopanda na paa, moja kushoto, moja kulia. Zikifika kileleni haziishii hapo. Hupishana, kisha huendelea kupanda hewani. Hiyo sehemu ya juu inaitwa kalae.

Saengduan alizaliwa chini ya kalae. Zamani, yeye na dada yake Fongkaeo wakitoka shule walipita kwenye matuta ya mpunga. Wa kwanza kuiona kalae ya baba juu ya miti ya matunda ya longani alipiga kelele, "Nyumbani!" Wa pili ndiye aliyebeba maji jioni hiyo. Saengduan alibeba maji sana. Dada yake alikuwa na miguu mirefu na mdomo mwepesi.

Miaka imekwenda. Baba na mama hawapo. Waume zao nao hawapo. Basi wakapatana waikarabati nyumba ya baba, wakae humo wawili, wazeeke wakila wali wa kunata kwenye kikapu kimoja. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kalae. Upepo wa mwaka juzi ulikuwa umeivunja pale pale mbao zinapopishana. Za chini zilibaki kwenye paa. Juu palikuwa patupu.

"Niambieni tu ilivyokuwa," alisema fundi Intha. "Mimi nitakata na kugongelea."

"Ilitanuka," alisema Fongkaeo. "Kama mikono ya mtu anayempokea mtoto."

"Ilibana, dada! Kama viganja vinavyokaribiana kusalimu."

"Wewe ulijua nini? Ulikuwa bado unakula udongo."

Fundi akakata ya Fongkaeo kwanza, kwa mbao hafifu za kujaribia. Akapanda, akagongelea. Saengduan akatazama juu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hiyo si kalae! Huyo ni mwizi, kaambiwa na polisi mikono juu!"

Fundi akaing'oa, akashuka, akakata ya Saengduan, akaigongelea mahali pake.

"Na hilo ni koleo la mkaa," alisema Fongkaeo.

Saengduan akakimbia ndani akaleta picha. Ilikuwa moja tu, ya harusi ya Fongkaeo, iliyopigwa kutoka kichochoroni, ubavuni mwa nyumba. Kwenye picha, kalae ilibana.

"Ona! Picha haidanganyi."

Fongkaeo aliishika picha ile kwa muda mrefu. Wenzake walikuwa wakicheka. Yeye hakucheka.

"Kumbe hata siku yangu mwenyewe unaikumbuka wewe peke yako," alisema. Akafunga mkoba wake, akampigia simu mwanawe aje amchukue.

Saengduan alimfuata mpaka kwenye gari. "Dada, yaani kwa ajili ya mbao? Utarudi tukae, au hurudi?"

Fongkaeo alipandisha kioo cha gari. Gari likaondoka.

Siku tano Saengduan alikula peke yake. Kila asubuhi mkono wake ulipika wali wa watu wawili, kwa mazoea, na jioni nusu ya kikapu ilikuwa ngumu kama mawe. Siku ya sita fundi Intha akarudi na mbao mbili za mtiki.

"Hizi zimetoka kwenye kitanda cha baba yenu," alisema. "Ni fupi, zinatosha kalae tu. Nikikosea, sina nyingine. Nikate kama picha?"

Saengduan alifungua mdomo aseme kata. Badala yake akakitazama kile kikapu cha wali.

Bi Wilai, jirani yake, alikuwa amekuja kurudisha kinu. Mama huyu alifanya kazi miaka mingi na wapimaji wa ardhi wa wilaya. Alitazama paa, lile koleo la kujaribia likiwa bado juu, akakunja uso.

"Intha, baba yao alitumia mbao ngapi?"

"Mbili. Ndefu, kutoka ukingo wa paa mpaka juu."

"Na wewe unaunga vipande juu yake. Haya, kila ubao wa zamani ulikuwa umenyooka?"

"Umenyooka kama uzi."

"Sasa wewe kiwiko umekitoa wapi? Tazama. Hapo kwenye kiungo mbao zako zimekunjika."

Fundi akatazama. Akajikuna shingo. "Mafundi wote siku hizi tunaunga, Bi Wilai."

"Unga, sikukatazi. Lakini unga kwa kunyoosha. Ukifanya hivyo huhitaji picha wala kumbukumbu ya mtu. Pembe ya juu itakuwa sawa na pembe ya chini, na ya chini bado ipo kwenye paa."

"Labda kwa paa hili. Paa lingine je?"

"Kwa mistari yoyote miwili iliyonyooka inayokatana. Kaa chini nikuonyeshe. Duan, lete chakula."

"Una njaa?" aliuliza Saengduan.

"Lete, nitaeleza."

Bi Wilai alichora kwa mkaa mistari miwili sakafuni, ikapishana. Zikatokea pembe nne. Kwenye pembe ya chini aliweka tonge la wali. Kwenye ya kulia, pilipili. Kwenye ya juu, kipande cha limau.

"Shika mstari huu mmoja," alisema, akiupitisha kidole. "Upande wake huu kuna nini?"

"Wali na pilipili," alisema Saengduan.

"Vikiwa pamoja vinajaza upande mzima wa mstari ulionyooka. Hiyo ni nusu ya mzunguko, digrii mia na themanini. Sasa mstari wa pili. Upande wake huu?"

"Pilipili na limau."

"Navyo vinajaza kiasi gani?"

"Nusu ya mzunguko vilevile. Si mstari umenyooka?"

"Basi wali na pilipili ni sawa na limau na pilipili." Bi Wilai akaichukua pilipili, akaitia mdomoni. "Pilipili ni ile ile moja. Nimeitoa pande zote mbili. Kilichobaki?"

Saengduan alitazama sakafu. Midomo yake ilicheza. "Wali… ni sawa na limau. Pembe ya chini ni sawa na ya juu."

"Nimepima kitu?"

"Hujapima!" alisema fundi. "Na pembe ya pilipili ingekuwa kubwa au ndogo, ingetoka tu. Ni lazima ziwe sawa. Haziwezi kukataa."

"Huko ndiko kuthibitisha. Kupima kunakwambia habari za paa moja. Uthibitisho unasema kwa mapaa yote."

Fundi alipanda na fito mbili za mwanzi. Akazilaza juu ya mbao za chini, akazipigilia msumari zilipokutana, akaziacha zipite juu. Zikajifungua zenyewe hewani. Zilikuwa zimetanuka kuliko koleo na kubana kuliko mwizi.

"Mimi na dada, sote wawili tulikosea," alisema Saengduan polepole.

"Wewe utotoni ulikuwa ukikaa upande gani wa nyumba?" aliuliza Bi Wilai.

"Pale ubavuni, kwa mama, tukitwanga."

"Ukitazama kalae kutoka ubavuni, upana unapungua, basi inaonekana imebana. Ndiyo picha yako hiyo. Na dada?"

"Yeye alikuwa akicheza mbele, chini ya ngazi."

"Ukisimama chini yake na kuinua kichwa, urefu ndio unaopungua. Inaonekana imetanuka. Hakuna aliyesahau, Duan. Kila mtu alikumbuka kutoka pale alipokuwa."

Fundi alikata mtiki kwa kufuata fito. Akaunga kwa kunyoosha. Saengduan alichukua fito zile, akapanda basi mpaka kwa mpwa wake mjini. Hakubishana. Alizishika mbele ya uso wa dada yake. Akazigeuza ubavu, zikabana. Akazilaza nyuma kidogo, zikatanuka.

"Ulikuwa ukiiona hivi," alisema. "Mimi nikiiona vile. Ni hizo hizo, dada."

Fongkaeo alizipokea. Akazigeuza, akazilaza, akazigeuza tena. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa upindo wa sketi.

"Mama alikuwa akikuita ukatwange," alisema. "Mimi nabaki mbele nacheza. Nilikuwa mvivu mno."

"Sana."

"Nyamaza." Akaziweka fito mapajani. "Narudi tukae. Mwambie huyu mwanangu alete godoro langu kabla ya mvua."